Mkeka wa Bibi na Watoto wa Kibiti



Kibiti ni mji wa barabarani. Mabasi ya Lindi na Mtwara husimama kidogo, abiria hununua korosho kupitia dirishani, gari linaondoka. Wengi wanaijua Kibiti kwa dakika hizo chache tu. Wengine wanaijua kwa habari za mwaka 2016 na 2017, wakati viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa usiku, na askari polisi wanane wakauawa kwa siku moja mwezi Aprili 2017. Tulipopangiwa sisi mafrateri wawili kufanya mwaka wetu wa uchungaji huko, wenzetu seminarini walitupa mkono kama watu wanaopelekwa vitani.

Tulikuta watu wapole, wenye utani mwingi, wanaokaa barazani hadi usiku kwa sababu ya joto. Lakini tulikuta pia kwamba watoto wamelisikia jina la kwao likitajwa vibaya. Mvulana mmoja wa darasa la sita alituambia kwamba akienda kwa shangazi yake Dar es Salaam husema anatoka Mkuranga. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetoa ushauri wa safari.

Baba Paroko alitukabidhi watoto wa Utoto Mtakatifu, pamoja na katekista mmoja mzaliwa wa Bungu aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Watoto walikuwa wapatao arobaini siku ya jua na kumi na watano siku ya mvua. Wakatoliki wa Kibiti ni wachache, kwa kuwa wenyeji wengi ni Waislamu. Waumini wetu wengi ni watu waliokuja na kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara. Ukiwauliza watoto kwao ni wapi, wanajibu haraka Bukoba, Moshi, Songea, Mbinga, yaani kule wanakopelekwa Krismasi, kama nauli imepatikana. Wachache ambao mama zao ni Wandengereko wa hapa hapa walikuwa wakitazama chini. Mtoto anayeishi nyumbani kwao ndiye aliyekuwa hana la kusema kuhusu kwao. Jambo hilo lilitukaa moyoni tangu Jumamosi ya kwanza.

Mmoja wetu alikuwa amesoma jinsi Kanisa la Marekani linavyowalea watoto wa watu weusi na wa watu wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania. Wana miezi maalumu ya kuadhimisha urithi wao, na Wakatoliki weusi wa huko wameufanya Novemba kuwa mwezi wa historia yao. Tukajiuliza kama jambo hilo lina maana Kibiti, mahali ambapo kila mtu ni mweusi na hakuna wa kumtambia mwenzake kwa rangi. Katekista alicheka. Alisema samaki naye yuko majini siku zote, lakini muulize maji yametoka mlima gani. Tukakubaliana kwamba Novemba tutajaribu.

Tulianza na watakatifu, maana huko ndiko tulikojua njia. Mashahidi wa Uganda watoto walikuwa wanawajua tayari, hasa Kizito, kwa hiyo hatukukaa sana hapo. Tulikaa kwa Martin wa Porres, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Alizaliwa Lima, nchini Peru, mwaka 1579. Baba yake alikuwa Mhispania mwenye cheo, mama yake mwanamke mweusi aliyekuwa ametoka utumwani, mwenye asili ya Panama. Siku ya ubatizo jina la baba halikuandikwa kitabuni. Hapo darasa lilitulia kabisa, kwa sababu wapo watoto wetu ambao vyeti vyao vina nafasi hiyo tupu. Tukaendelea: sheria za wakati ule zilimzuia mtu wa asili ya Afrika kuwa mtawa kamili, hivyo Martin aliingia kwa Wadominiko kama mtumishi wa kufagia na kuuguza wagonjwa, na mnamo 1962 Papa Yohane XXIII akamtangaza kuwa mtakatifu. Watoto walimpenda kwa ajili ya ufagio, na kwa ajili ya ile picha ya mbwa, paka na panya wakila sahani moja miguuni pake.

Kisha Bakhita wa Sudan, aliyeibwa akiwa mdogo na kuteseka mpaka akalisahau jina alilopewa na mama yake. “Bakhita” ni jina alilopewa na waliomteka, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Msichana mmoja aliuliza kama mbinguni Mungu anamwita kwa jina hili au lile la kwanza. Tulitazamana sisi wawili, miaka yetu ya falsafa haikutusaidia. Katekista akasema Mungu analijua lile la kwanza.

Na tuliwasimulia habari za Mama Maria wa Guadalupe, aliyemtokea Juan Diego huko Mexico mwaka 1531, miaka kumi tu baada ya Wahispania kuuteka mji mkuu wa watu wake. Alimtokea akiwa na sura ya watu wa pale, akasema naye kwa Kinahuatl, lugha ya mama yake Juan Diego. Vazi ambalo sura ile ilibaki juu yake, kwa mapokeo, ni la nyuzi za mmea ulio ndugu na mkonge. Watoto hawakuamini mkonge unaweza kuwa na undugu na Mexico. Tukawaambia mkonge wenyewe uliletwa huku mwaka 1893, na asili yake ni huko. Tukaongeza kwamba mahindi asili yake ni Mexico, na kwamba mihogo na korosho zilivuka bahari kutoka Marekani ya Kusini kwa mkono wa Wareno. Kuambiwa kwamba korosho ni mgeni Kibiti kuliwashtua zaidi ya fundisho lolote la katekisimu tuliloleta.

Swali lililofuata liligeuza mpango wetu. Mvulana yule wa “Mkuranga” aliuliza: kama Mama Maria angetokea hapa, angesema lugha gani? Wenzake wakajibu Kiswahili, hilo lilikuwa wazi kwao. Lakini binti mmoja ambaye siku zote hukaa nyuma alisema kwa sauti ndogo: “Angesema Kindengereko. Bibi yangu hataki kusemeshwa Kiswahili akiwa anaumwa.”

Wote wakageuka kumtazama.

Kindengereko kinasikika kwa wazee. Watoto wengi wanakielewa, wanajibu kwa Kiswahili. Msomi kutoka Sweden, Eva-Marie Ström, alikuja kujifunza lugha hiyo hadi akaiandikia tasnifu ya udaktari mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Gothenburg. Tuliwaambia watoto kwamba kuna mtu aliyesafiri kutoka nchi ya theluji kuja kuisikiliza lugha ya bibi zao. Walicheka wakidhani ni utani wetu wa kifrateri.

Hapa tuseme neno kuhusu Mwalimu Nyerere, Mtumishi wa Mungu. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipoapishwa kuwa Rais na kuanzisha wizara ya utamaduni, aliwasema vijana waliojua kucheza rumba na chachacha lakini hawakujua ngoma za kwao. Tunaisoma hotuba ile kwa heshima, ila tunaongeza jambo: rumba yenyewe ilizaliwa Kuba katika jamii ya watu waliotolewa Afrika kwa minyororo. Ilikuwa ngoma yetu iliyorudi nyumbani na nguo za ugenini. Hata hivyo hoja ya Mwalimu inabaki, kwa sababu kumjua Martin wa Lima na kutomjua bibi yako wa Kibiti ni hali ile ile aliyoisema.

Basi tukaenda kwa bibi wa yule binti. Anakaa nyuma ya soko. Ni Mwislamu, na wajukuu zake ni Wakatoliki kwa sababu mwanawe aliolewa na muuguzi kutoka Mbinga. Tulimwamkia, tukaeleza shida yetu: tunaomba awafundishe watoto kusuka ukili. Alitutazama kwa muda. “Nitawafundisha, wanangu. Ila msije mkanibatiza kwa maji ya kulowekea ukindu.”

Jumamosi tatu tulikaa uani kwake. Alionyesha jinsi ya kuchana ukindu, kuulowanisha ili usikatike, kuushika kati ya vidole na dole gumba la mguu. Wavulana walidai hiyo ni kazi ya wanawake, akawapa ndoo wakachote maji, wakarudi kusuka bila kuambiwa. Adhana ya adhuhuri ilipolia alinyamaza, akaenda kutawadha na kuswali. Watoto walisubiri kimya, kimya ambacho sisi hatujawahi kukipata kanisani.

Mikono ikiwa kazini mdomo nao unafunguka. Aliwasimulia alivyozaliwa mabondeni karibu na mto, wakati familia zililala kwenye madungu, vibanda vya juu ya miti, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yakija usiku wanakuta mtumbwi umefungwa mguuni pa dungu. Alisimulia mafuriko yaliyotangulia mwaka 1968, halafu serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vya nchi ya juu. Watoto walioyaona mafuriko ya Aprili 2024 walidakia kila mmoja akisema maji yalifika wapi. Bibi aliwaambia mto wa Rufiji ukifurika hauna adabu, lakini ukiondoka unaacha udongo, na udongo ule ndio uliowalisha babu zao.

Jambo moja alitukataza. Siku tulipotaka watoto waulize habari za utumwa, alimshika mmoja wetu mkono pembeni. Tulikuwa tumeshawafundisha kwamba Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa, na kwamba baada ya mkataba wa 1873 kuzuia biashara hiyo baharini, misafara ilipitia nchi kavu kuelekea kaskazini, ikivuka nchi hii hii ya Rufiji. Bibi alijua hayo kuliko sisi. “Wapo ambao babu zao walibaki njiani,” alisema, “na wapo ambao babu zao waliwanunua. Wote wanachota maji kisima kimoja. Usimuulize mtu asili yake mbele za watu.” Tulimtii. Tunadhani mwalimu yeyote wa historia katika pwani hii anahitaji kukaa uani kwa mtu kama huyu kabla hajashika chaki. Mtoto akifundishwa utumwa kama jambo la Wazungu na Waarabu peke yao, siku moja atausikia ukweli kisimani, na atausikia kama tusi.

Vita vya Majimaji vilikuwa vigumu zaidi. Huwezi kufundisha urithi wa Rufiji ukaviruka. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe. Inasimuliwa alizama mtoni na kutoka siku ya pili akiwa mkavu, amepewa maji ya kuwakinga watu na risasi. Watu wakaja kwa maelfu kutoka makabila ambayo hayakuwahi kukaa pamoja. Julai 1905 pamba ya Wajerumani iling'olewa huko Umatumbini, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Siku kumi baadaye, Wabenediktini watano waliokuwa safarini kwenda Liwale waliuawa na wapiganaji: Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili. Halafu Wajerumani wakachoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua kuliko bunduki. Hesabu moja ya chini ya waliokufa ni watu 75,000.

Mzazi mmoja alitufuata baada ya Misa. Hakuwa na hasira, alikuwa na uchungu. Alisema hakumleta mwanawe kanisani afundishwe uganga, na kwamba kama Askofu wetu ni shahidi, basi waliomwua hawawezi kuwa mashujaa wa watoto wetu. Mwingine akamjibu pale pale kwamba babu yake alikuwa Mngoni, na kwamba huko Songea mwezi Februari 1906 viongozi walinyongwa na Wajerumani, baadhi yao wakiwa wamebatizwa na padre muda mfupi kabla. “Hao uwaweke upande gani?” Waliachana bila kukubaliana. Yule wa kwanza hakumruhusu mwanawe kuja Jumamosi iliyofuata.

Sisi tuliamua kusimulia yote mawili kwa alasiri moja, bila kupunguza upande wowote. Papa Paulo VI alipokuja Kampala Julai 1969 aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza kuwa na Ukristo ulio wa Kiafrika kweli. Kwa maoni yetu Ukristo huo hauwezi kuanza kwa kuchagua marehemu gani tuwakumbuke. Mtoto mmoja aliuliza swali tulilokuwa tunalingoja: Kinjikitile yuko mbinguni? Katekista alijibu kwamba hilo ni la Mungu, ila alinyongwa Mohoro na Mohoro ni kwetu, na Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu.

Ndipo tukawagawia karatasi. Katika parokia nyingi waumini huandika majina ya marehemu wao na kuyaweka karibu na altare mwezi mzima. Tukawaambia watoto waandike wanayetaka. Walilala kifudifudi sakafuni wakiandika. Wengi waliandika babu na bibi. Mmoja aliandika “Askofu Kasiani na Kinjikitile” kwenye karatasi moja, kwa kuwa penseli ilikuwa inapita kwa zamu na hakutaka kuomba mara mbili. Mmoja aliandika “wale wa njia ya Kilwa”, mwingine “mama yake Martini”.

Mtoto wa askari aliandika jina la rafiki wa baba yake, na pembeni mwaka 2017. Mvulana wa “Mkuranga” alikuwa amekaa karibu naye. Aliuliza kama anaweza kuandika mtu ambaye hajulikani kama amekufa. Tulimwuliza ni nani. Mjomba wake, alisema, aliyetoka nyumbani mwaka 2017 na hajarudi. Tulimwambia aandike, na tutasali kwa namna inayomfaa mtu huyo popote alipo. Mtoto wa askari alimsogezea penseli. Karatasi zote mbili ziliingia kwenye kikapu kimoja, na Jumapili zilipelekwa mbele pamoja na vipaji. Baba Paroko alikuwa ameyasoma majina kabla. Aliyasoma tena madhabahuni, yote, bila maelezo.

Hatujui wazazi walizungumza nini majumbani. Tunajua kwamba yule baba aliyemzuia mwanawe alimrudisha katikati ya Desemba, akasimama mlangoni hadi kipindi kikaisha. Na mvulana yule, siku tuliyofanya majaribio ya igizo la tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, aliposhika karatasi ya kujitambulisha mbele ya wageni alisoma jina lake na kisha “wa Kibiti”, haraka haraka, akakaa.

Mkeka watoto walitaka utandikwe mbele ya pango la Krismasi. Ukili walisuka wao, kila mmoja urefu wake na rangi yake, na kuna sehemu ya Mhaya, ya Mchaga na ya Mngoni ambazo bibi alizitazama kwa huruma. Tulimpelekea tarehe 23 ili aushone. Aliufungua juu ya magoti, akapitisha kidole ukingoni, akasema umekwenda upande. Alikata uzi akaanza kufumua. Akawaambia waketi, na yule mjukuu wake akamjibu kwa Kindengereko, mbele ya wenzake wote, kitu ambacho sisi hatukukielewa na kilichomfanya bibi acheke mpaka sindano ikaanguka.